Mikorosho ya Ng'ambo ya Korongo

Mama,

Baba bado yupo nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwa hapa mlangoni ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata sijatua mzigo. Yupo. Asubuhi amekunywa uji, akabakisha kidogo, akalala kwenye kitanda cha kamba pale upenuni, kajifunika kitenge chako kile cha rangi ya udongo ambacho hataki nikifue. Mengine niliyonayo si mazuri sana, na mimi nimechoka, kwa hiyo utanivumilia nikiyatoa moja moja.

Leo Jumapili nimesali misa ya kwanza. Wakati wa kurudi nikapitia kaburini kwako niseme haya kwa mdomo, nikashindwa. Watu wa misa ya pili walikuwa wanapita barabarani kwenda misheni, wananitazama. Tangu siku ya kikao wananitazama hivyo hivyo. Wanasema mtoto wa Mama Bene kamuumbua mama yake na udongo wa kaburi bado laini. Siwezi kuwakatalia maana ni kweli, nimekuumbua. Sasa nataka usikie kutoka kwangu ilikuwaje, usije ukasikia kwa Bibi Matilda atakapokufuata huko, maana yule akisimulia huongeza chumvi.

Unakumbuka kiangazi kile Baba alipougua kifua. Tulimlaza hospitali, tukamrudisha, na kila aliyemwona alisema huyu hafiki mvua za kwanza. Ndipo ulipomwita kaka yako, Mjomba Longino, kama mkubwa wa ukoo wetu, ukamwita na Bibi Matilda jirani awe shahidi, ukawaketisha mkekani. Mimi na Skola tulikaa nyuma yako. Baba alikaa kwenye kigoda chake, anahema kwa shida. Ukasema, "Mikorosho ya ng'ambo ya korongo nimeipanda mimi kwa mikono yangu. Ni yangu, na baada yangu ni ya Bene na Skola."

Hakuna aliyekohoa, Mama. Hata Baba mwenye kikohozi alikizuia. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Na wote tuliokuwa pale tulijua hukupanda hata mti mmoja. Ulikuwa huvuki korongo kwa sababu ya siafu. Mimi ndiye niliyekwenda na Baba, mtoto mdogo nimebeba kikapu cha mbegu, yeye anachimba, mimi nadondosha tatu tatu kila shimo. Nilikuwa nazilaza, ananigombeza: "Isimamishe, kitovu juu, huo ni mti si maharage." Wewe ulikuwa nyumbani na Skola mchanga. Tukirudi jioni ulikuwa unatucheka kwa vumbi, unasema watu wa Newala wakiona mchanga lazima wauchimbe.

Lakini nilikuelewa kwa nini ulisema vile, na nikanyamaza kama wenzangu. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na mti ni wa aliyeupanda. Baba alitoka Mnyambe, kule juu Newala, akaja kuoa huku, akajenga kwenye uwanja wenu kama waume wote wanavyofanya, na cha kwake hapa kilikuwa mikorosho ile tu. Na mali ya mwanamume hairithiwi na watoto wake, huenda kwa wapwa, watoto wa dada yake. Kwa hiyo Baba angekufa kiangazi kile, Issa mtoto wa shangazi Asha angeteremka kutoka Mnyambe na kuchukua ng'ambo yote, na mimi na Skola tungebaki tunaangalia.

Zamani jambo hilo halikumsumbua mtu. Wakati tunahamishiwa kijiji cha ujamaa mikorosho iliachwa ikamezwa na pori, na tuliporudi kuifyeka ugonjwa wa ubwiri unga ukaikausha maua, na korosho kidogo tuliyopata ilikaa ghalani kwenye chama cha ushirika ikingoja malipo. Nani angegombania kitu hicho? Halafu ikaja ruksa. Wanunuzi wakaanza kuja wenyewe na malori yao na mizani yao, wanasimama hadi kwenye njia panda ya kwetu, na msimu ule ule tukamwona Issa. Miaka yote Baba anaumwa mgongo hakuna aliyemletea hata salamu. Leo kaka Issa kaja na kapu la ming'oko, viazi vile vya porini, shikamoo mama, shikamoo mjomba, na kabla hajanywa maji kaomba kwenda kuona shamba. Ulimpikia, ukamchekea, ukamsindikiza mpaka barabarani. Uliporudi ukavua kitambaa cha kichwa ukasema, "Wamefuata nyuki." Siku ile nilijua utafanya jambo.

Ulilifanya vizuri. Ulipanga kama mtu anayefunga mzigo wa safari ya mbali, hakuna kilichoachwa kining'inie. Cherehani kwa Skola, mbuzi kwangu, sufuria kubwa ya misiba ibaki kwa jumuiya. Kitu kimoja tu hukukipanga, kwamba Baba angepona, na wewe mwenye nguvu, wewe uliyekuwa unabeba kuni kupita hata mimi, ungedondoka jikoni asubuhi moja kwa presha ambayo hukuwahi kutuambia kama unayo. Kila neno ulilosema siku ile mkekani lilikuwa la kujiandaa na kifo chake. Hakuna lililokuwa la kumwangalia akibaki.

Na amebaki, Mama. Amebaki vibaya.

Mwanzoni tulidhani ni majonzi. Alikuwa anakaa pale kwenye jiwe lako la kufulia, hasemi, tukasema ataachia. Kisha akaanza kuniita Asha. Ananisemesha Kimakonde kile cha juu mlimani, ananiuliza kama mama ameshateka maji, na mama huyo ni bibi aliyekufa mimi sijazaliwa. Siku nyingine ananijua, ananiuliza Mama Bene kaenda wapi. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama siku ile ya msiba, upya kabisa. Mara ya pili vile vile. Sasa nikiulizwa nasema umekwenda kwa Bibi Matilda utarudi, naye ananijibu yule mama akianza maongezi harudi, halafu anatulia. Basi na mimi nimekuwa mwongo wa nyumba hii. Nimekurithi hilo.

Skola alijaribu, usije ukamwona ni mtu mbaya. Alikuja kumchukua akakae naye Masasi mjini, kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya kioski. Nikafurahi nikasema nitalala. Hakumaliza wiki. Alitoka mlangoni Skola anampimia mteja sukari, akaonekana baadaye sokoni kwenye mitumba, amevaa koti la watu, anawaambia wauzaji anangoja lori la kupanda Newala. Skola alimrudisha kwangu analia. Aliniambia, dada, mimi siwezi, na kioski siwezi kukifunga. Nikamwambia haya. Ningemwambia nini? Baba Deo naye mume wangu yuko huko huko Masasi na mitumba yake, anakuja mwisho wa juma, na hata angekuwepo, mkwe hamshiki baba mkwe. Deo yuko shule ya bweni.

Hapa nafika mahali pagumu kuandika. Ulipokuwepo ulikuwa unamwogesha wewe, sikuwahi kufikiria. Ulipoondoka, nani? Mjukuu angeweza kwa utani wao, lakini mjukuu hayupo. Mpwa angeweza, yuko Mnyambe. Nikangoja siku nikiamini kuna mtu atajitokeza. Mpaka siku niliyokuta amejichafua, anajificha nyuma ya mlango kama mtoto aliyevunja chungu, nikasema basi. Nikamfunga khanga kiunoni, nikageuza uso, nikamwagia maji. Mkono wangu unasugua mgongo wa baba yangu na macho yangu yako ukutani. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Ndoo mbili, natoka nazo mtoni asubuhi. Magoti yangu yameanza kulia, na sijamwambia mtu hilo.

Tulipomaliza misa ya arobaini yako, wakaja. Issa na mzee mmoja wa ukoo wao, walishuka na lori hadi Masasi wakadandia jingine mpaka hapa, wamechakaa kwa vumbi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita vya mikorosho. Nilikuwa nimeshawaza maneno yangu. Skola alikuja kutoka mjini, kavaa kitenge chake kizuri, naye amejiandaa. Mjomba Longino akakaa katikati, Baba akaletwa na kigoda chake.

Issa hakugombana. Alikaa chini kwa adabu, akatoa pole upya, kisha akasema, "Mikorosho tumesikia ni ya marehemu, hatuna neno. Tumekuja kumchukua mtu wetu."

Sikulitegemea hilo. Nilimtazama Mjomba nikijua atamkatalia, ndiye aliyekunywa uraka wa mabibo na Baba tangu ujana wao. Mjomba alikuwa anachora mchanga kwa kijiti. Akasema taratibu kwamba hilo ni haki yao. Mtu aliyekuja kwa kuoa, akifiwa na mke, huangaliwa kama kuna kinachomshika pale, ama ana shamba alilopanda, au hana. Akiwa na miti yake anakaa kwenye miti yake mpaka afe, hakuna wa kumwambia ondoka. Akiwa hana, ukoo wake unakuja kumchukua, na ukoo wa mke hauna ruhusa ya kumzuia, maana ungeonekana unamfanya mtumwa. Kisha akasema, "Na huyu hana mti. Tumesikia sote."

Mama, neno lako lilikuwa limegeuka. Ulilitengeneza ili Issa asichukue mikorosho, sasa Issa anachukua mtu. Nilitaka nikuamshe nikuulize sasa tunafanyaje.

Nikasema mzee anatunzwa hapa, hakuna haja. Yule mzee wa Mnyambe akaniuliza bila ukali, "Nani anamwogesha, mwanangu?"

Nikasema, "Mimi."

Bibi Matilda akatazama pembeni. Mjomba akakiacha kijiti. Hakuna aliyenisuta, na afadhali wangenisuta. Mzee yule akasema basi na hilo nalo liishe, binti asibebeshwe mzigo huo, kule wapo wapwa wa kiume watatu. Alikuwa ananihurumia kweli. Nakwambia kwa sekunde moja mwili wangu ulitaka kukubali. Nilijiona nimelala mpaka jua linatoka. Nilijiona naenda mtoni na ndoo moja ya kwangu tu.

Lakini nilikuwa nafikiria Mnyambe. Nimefika kule mara mbili na wewe ulifika. Unakumbuka maji yao? Kisima cha mvua kimefungwa kufuli, kiangazi kikikolea wanawake wanateremka bondeni usiku wanapanda alfajiri, na maji ya kunawia uso ndiyo hayo hayo yanaoshea vyombo. Mtu mzima anayejichafua kila siku, utamtunza kwa maji gani? Si kwamba wana roho mbaya. Na asubuhi akiamka akamwulizia Mama Bene, nani kule atajua kumwambia umekwenda kwa Bibi Matilda?

Mjomba akasema tumwulize mwenyewe. Akamgeukia Baba akamwuliza kwa sauti, "Shemeji, mikorosho ya ng'ambo ni ya nani?"

Siku ile asubuhi, Mama, Baba hakujua jina langu. Alikuwa amevaa shati kinyume na nilimbadilisha nikiwa naitwa Asha. Lakini aliposikia swali hilo alikaa wima. Alitutazama sote kama mwenye nyumba, akasema, "Ya Mama Bene. Kaipanda yeye."

Kila kitu kimemtoka kichwani, jina la mtoto wake, siku, njia ya chooni. Hilo mlilokubaliana hakuliachia. Ninyi wawili mlikaa usiku mkalipanga, akakubali kuuza jasho lake ili watoto wake tupate, na hapo alikuwa analilinda na hajui linamfukuza. Nilipata uchungu mpaka meno yakaniuma. Nikawakasirikia wote wawili, wewe kwa ujanja wako na yeye kwa utii wake.

Mjomba akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajafunga. Skola akanifinya paja, kwa nguvu, alama ilikaa siku kadhaa. Alijua. Tumetoka tumbo moja, alijua kabla sijafungua mdomo. Na anachokitaka kwenye mikorosho ile si anasa, anataka aongeze vyumba vya wageni pale mjini asiishi kwa kupima sukari vijiko maisha yake yote. Na mimi nina Deo. Nilijua ninachokitupa.

Nikasimama nikasema, "Mikorosho ile kaipanda Baba. Mbegu nilidondosha mimi. Mama hakupanda hata mmoja."

Niliyasema kwa sauti ya kawaida tu. Bibi Matilda akajiziba mdomo kwa khanga. Skola akainuka akaenda kusimama nyuma ya jiko. Baba akanitazama kwa hasira, hasira ya zamani ile ya kwenye mashimo, akasema huyu mtoto haelewi.

Mjomba Longino alinigeukia. Nilidhani atanifukuza uwanjani. Kisha akasema, "Tulijua. Neno la marehemu sisi hatuligusi. Anayeweza kuligusa ni mtoto aliyemzaa, na tulikuwa tunakusubiri." Uso wake ulikuwa umelowa. Sikuwahi kumwona kaka yako akilia, hata kwenye mazishi yako hakulia.

Kwa hiyo wote walikuwa wanajua na wote walikuwa wamekaa wanangoja nikuumbue mimi. Wangeniambia mapema nisingekonda hivi. Lakini ndivyo tulivyo.

Ikaamuliwa hivi. Baba ana miti, basi ana mahali, atakaa hapa mpaka mwisho wake na atakula mikorosho yake. Akifa, ng'ambo yote inakwenda kwa wapwa, Issa na nduguze, na sisi hatutakuwa na neno. Skola hakula chakula cha kikao. Aliondoka na lori la jioni, na tangu siku hiyo salamu zake nazipata kwa watu. Nikimtumia mihogo anapokea, vyombo vinarudi vimeoshwa, lakini neno hakuna. Niachie mimi hilo, nitalishughulikia. Sijui kwa vipi.

Issa alilala hapa. Nilimchukia usiku ule, nakwambia ukweli, nikampa mkeka uliotoboka. Alfajiri nikaamka niende mtoni, nikakuta ndoo hazipo. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikamkuta amemkalisha Baba kwenye jiwe lako, amevua shati lake mwenyewe, anamwogesha mjomba wake. Anamsugua miguu, katikati ya vidole, kila kidole. Baba amefumba macho anaongea Kimakonde, na Issa anamwitikia. Nikarudi nyuma, maana halikuwa jambo la kuangaliwa na mimi. Nilikaa jikoni nikalia mpaka moto ukazimika, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe mtu mwingine ameshika kazi ile.

Alipomaliza akaja kusimama mlangoni na ndoo tupu. Akasema, "Mama Deo, ningempandisha kule ningemwogesha kwa kopo." Akaweka ndoo chini. Akaniambia mzee akilala, watu wa Mnyambe waitwe kabla jembe halijagusa ardhi ya kaburi, na yeye hatakataa alazwe hapa karibu na wewe. Na msimu wa kufyeka chini ya mikorosho atakuwa anakuja, atakaa siku zake, na siku hizo nisiguse ndoo. Amekuja mara moja tangu hapo, na alikuja kweli na panga lake. Wanakijiji wanasema anachunga mali yake. Yawezekana. Mimi ananipa usingizi, sina nguvu za kumchunguza moyo.

Mficha uchi hazai, ulikuwa unatuambia tukiwa wasichana tukificha maumivu. Wewe ulificha presha yako na ulificha mti wa mumeo, na vyote viwili vimenifikia mimi nivifunue. Sikulaumu sana. Kidogo nakulaumu. Ungeniambia tu, Bene, baba yako akibaki mfanyieni hivi. Neno moja la hivyo ningelishika kuliko mbuzi.

Kwa kuwa nimejifunza, sikiliza nilichofanya mvua zilipoanza. Nimepanda mikorosho yangu upande huu wa korongo, pale palipokuwa na shamba lako la mbaazi. Siku ya kupanda nikamwita Mjomba Longino na Bibi Matilda waje wakae kwenye kivuli watazame. Wamenicheka sana. Kila shimo nililofukia nawauliza, mmeona? Wanasema tumeona, Mama Deo, endelea. Baba nilimbeba na kigoda chake, akakaa ananitazama, mpaka shimo la tatu akashindwa kuvumilia. Akasema, isimamishe, kitovu juu. Nikazisimamisha zote. Ikichelewa kuzaa nitakuwa bibi, lakini hakuna mtu atakayemwita Deo mwongo.

Jana jioni nilimlisha upenuni. Alikuwa na akili nzuri, aliniita Bene mara mbili. Nikasema ngoja nijaribu. Nikamwuliza, Baba, kule ng'ambo alipanda nani? Akaacha kutafuna. Akasema, "Mama yako." Alilisema kwa ukali kidogo, kama ananionya nisimtege.

Nikasema haya, Baba.

Kijiji kizima kinajua sasa, Mama, Newala yote inajua, na yeye bado analitunza neno lako. Sitamwuliza tena. Na mbele za watu sitakuumbua mara ya pili. Nilichokitaka nimekipata, kile pale upenuni ni kitanda chake na wewe uko hapo karibu.

Nakuahidi haya matatu au manne, sijui, usiyahesabu. Maji yake yatatoka mtoni, na yatajaa. Nitaendelea kutazama ukutani. Akilala nitamwita Issa kabla ya jembe, nitamkabidhi ng'ambo mimi mwenyewe bila kufuatwa, halafu nitamlaza Baba upande wako ule wa kulia aliouzoea. Na Skola nitamfuata mjini, mvua zikipungua.

Ameamka, nasikia anakohoa. Ananiuliza umekwenda wapi. Lala, Mama. Ngoja nikamjibu.

Ni mimi mwanao,
Bene